Nilinunua wadudu kwa M-Pesa: chupa ya walaji wa spaida maiti kwenye rozi zangu, miezi sita baadaye

Wacha nianze na chanzo cha haya yote ndio muelewe mbona naandika kirefu hivi. Niko Limuru, nina grinihausi moja ya mita nane kwa thelathini, rozi karibu zote, na nje nina kaploti kadogo ka statisi na alstromeria za kujazia banchi. Si za eksipoti. Maua yangu yanaenda City Market Nairobi, mengine kwa dada wawili wanaopamba makanisa na harusi, na ikifika Valentine kuna broka huja mwenyewe na probox saa kumi na moja asubuhi ameshapandisha sauti kabla hata hajazima gari.

Sasa Januari huku kwetu ndio jua linawaka na hewa inakauka, na ndani ya plastiki ndio usiseme. Nikaanza kuona majani ya chini ya rozi yana vidoti vidogo vya manjano, kama mtu ameyachomachoma na ncha ya sindano, alafu jani zima likageuka rangi ya shaba na kuanguka. Nikadhani ni mbolea. Nikaongeza mbolea (pesa ya kwanza hio imepotea). Wiki moja baadaye nikageuza jani, chini kuna utando mwembamba kama wa buibui na vitu vinatembea vidogo kuliko chembe ya chumvi. Spaida maiti. Ni Kizungu, spider mite. Vitabuni wanaitwa utitiri lakini hakuna mkulima wa maua nimewahi kusikia akisema utitiri, wote ni spaida maiti, na kusema kweli hilo jina lingetosha kunionya, maiti ndio hubaki. By the way si mdudu kabisa kabisa, ana miguu minane kama buibui, na hio si stori ya darasani tu, ndio sababu dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu na mimi sikujua.

Nikaenda agroveti. Siwataji, na sitaki kuwaharibia biashara juu ni majirani na mama mwenye duka huwa ananikopesha, lakini hapa ndio nililia. Akanipa dawa ya abamektini. Nikapiga, ikafanya kazi kidogo. Wiki iliyofuata wamerudi, nikapiga tena. Ya tatu nikamwambia mama hii dawa imezoeleka nipe ingine, akanipa chupa nyingine, rangi nyingine, jina lingine, bei imepanda mia tatu. Nikapiga. Hakuna kitu. Nilikuja kusoma lebo baada ya pesa kuisha na nikakuta ndani ni abamektini ileile! Yaani nilibadilisha jina la dawa tu. Kwenye lebo huwa kuna kundi na namba, abamektini ni kundi la 6, na ukitaka kubadilisha dawa unabadilisha namba ya kundi, jina la biashara halina maana yoyote. Hio hakuna mtu aliniambia kaunta na mi pia sikuuliza, kwa hivyo lawama tugawane.

Ya nne ndio ilikua mbaya zaidi. Nikaambiwa nichanganye na pairethroidi, dawa ya wadudu ya kundi lingine, "iongeze nguvu". Nikapiga hadi mifereji ya maji ikawa nyeupe. Siku kumi baadaye spaida maiti walikua wengi kuliko mwanzo, utando sasa unafunika vichwa vya maua. Nilifikiri nimelogwa. Kumbe pairethroidi inaua wale wadudu wadogo wa asili waliokua wanawala spaida maiti kimyakimya bila mimi kujua wako, alafu spaida maiti wenyewe wanabaki wanasherehekea. Na kwenye joto la karibu digrii thelathini yai linakua mtu mzima kwa kama wiki moja tu, jike mmoja anataga mayai mia na kitu, hebu piga hesabu wewe.

Broka alikuja na probox yake, akaangalia, akachukua karibu nusu, bei akakata bila aibu. Hio ndio ilikua Valentine yangu.

Sasa shemeji yangu alifanya skauti miaka mingi kwenye shamba moja la maua Naivasha. Skauti kwa wasiojua ni wale wanatembea kwenye mabedi na lenzi na karatasi wakihesabu wadudu kabla mtu yeyote hajabeba pampu. Alinipata nimekaa juu ya ndoo nimeshika tama, akachukua jani, akatoa lenzi mfukoni (bado anatembea nayo, ni kama ile tabia ya fundi saa), akaangalia muda mrefu alafu akaniambia, "Shem, wewe acha dawa. Nunua persimilis." Nikamuuliza ni dawa gani hio. Akacheka. "Si dawa shem. Ni mifugo."

Na hilo neno lake ndio rivyu yote hii kwa ufupi lakini mimi nililielewa baada ya kuua chupa nzima.

Persimilis, jina lake refu Phytoseiulus persimilis, ni utitiri pia, lakini yeye anakula spaida maiti. Anakula hao tu, chakula kingine hana. Ana rangi ya machungwa inayoelekea nyekundu, umbo kama peasi, na ana mbio, ukiangalia kwa lenzi spaida maiti anajikokota kama mzee ametoka benki lakini huyu anakimbia kama amepigiwa simu kuna fujo nyumbani. Mmoja anaweza kumaliza kama watano wakubwa kwa siku au mayai ishirini hivi. Nilisoma kwamba huko Ulaya walimpata kwa bahati miaka ya 1950, alikua amejificha kwenye okidi zilizotoka Chile zikaingia Ujerumani, na leo anafugwa na kuuzwa dunia nzima. Hapa Kenya kuna kampuni zinazofuga hivi vitu miaka mingi, Real IPM Thika, Koppert pia wako, na mashamba makubwa ya rozi yanatumia kitambo sana. Ni sisi wa grinihausi moja ndio hatuambiwi.

Mimi nilinunua kwa muuzaji ambaye simtaji kwa sababu zinazokuja hapa chini. Chupa ni ya plastiki, ndogo kama ya yogati, ndani kuna wadudu 2,000 wamechanganywa na vamikulaiti, zile chengachenga nyepesi za kahawia kama makapi. Nililipa elfu mbili mia nane na usafiri mia mbili hamsini. Mama yangu alipojua nimetuma pesa ya wadudu aliniuliza kama wale walioko shambani hawanitoshi.

CHUPA YA KWANZA. Walituma kwa matatu kama parseli. Ijumaa mchana nikapata meseji imetumwa, hawakusema ni gari gani, nikapiga simu mara tatu, jioni nikaambiwa iko ofisi ya sacco tayari lakini ofisi imefungwa. Jumamosi asubuhi nikaenda, boksi iko dirishani, jua linaipiga moja kwa moja, na barafu ya kifuko ndani imekua maji ya uvuguvugu. Lebo iliandikwa ikae baridi, digrii nane hadi kumi, ilazwe upande. Ilikua imesimama. Nikafungua pale nyumbani nikamwaga kidogo kwenye karatasi nyeupe, shemeji akaniambia hesabu wanaokimbia. Nilihesabu kumi na moja kwenye kijiko kizima. Nikawamwaga hivyo hivyo juu ningefanyaje.

Kastama kea nawapa nyota mbili na nimefikiria sana kabla ya kusema mbili. Jibu la kwanza lilikua "mteja alichelewa kuchukua". Mimi! Nikawatumia picha ya risiti ya sacco yenye saa. Wakanyamaza siku tatu. Alafu akanipigia kijana mmoja mwenye adabu sana, akaniomba msamaha, akaniuliza swali ambalo lilinifunga mdomo: mara ya mwisho umepiga dawa lini, na dawa gani? Nikamwambia pairethroidi, kama wiki mbili na nusu. Akavuta pumzi. Akaniambia mzee, hata kama wangefika wazima wote 2,000 wangekufa, hio dawa inakaa kwenye majani inawaua hawa kwa wiki nane na zaidi. Akanipa chupa ya pili kwa nusu bei lakini akakataa kuituma mpaka mwanzo wa Aprili. Nilikasirika wakati huo, sasa naona huyo kijana ndio mtu pekee kwa hii stori yote aliyekataa pesa yangu ndio nisiumie.

Ila nauliza, hilo swali la dawa mbona halikuulizwa SIKU YA KUUZA? Ukienda kununua ndama mtu anakuuliza una nyasi. Hapa nilituma M-Pesa nikarudishiwa "asante karibu tena".

Hizo wiki za kungoja sikukaa bure, na kwa maoni yangu hapa ndio kazi nusu ilifanyika. Tulikata majani yote ya chini yaliyoharibika, tukayafunga kwenye gunia jeusi ndani kwa ndani kabla ya kuyatoa, usiyaburute kwenye njia juu unawasambaza. Asubuhi tukawa tunapiga maji matupu kwa presha chini ya majani, spaida maiti anachukia maji. Pale penye utando mzito nikatumia sabuni ya potasiamu, ile ya mimea, si ya kufulia tafadhali, inaua anayeguswa tu na ikikauka haibaki sumu. Alafu njia za katikati nikawa nazimwagia maji saa sita ndio hewa iwe na unyevu, kwa sababu persimilis anataka unyevu wa asilimia sitini kupanda, hewa ikikauka sana mayai yake hayaanguliwi vizuri huku spaida maiti anazidi kufurahi. Wafanyakazi niliwapiga marufuku kutoka bedi lenye ugonjwa kwenda lile safi, unaanza safi unamalizia chafu, na shati linaenda kufuliwa.

CHUPA YA PILI. Nilienda kuichukua mwenyewe na kulaboksi ya kubebea chanjo ya kuku. Nikafika jioni saa kumi na moja, jua limepoa, shemeji akaja kunisimamia kama mzee wa harusi. Unaigeuza chupa polepole, unaizungusha ikiwa imelala, kwa sababu wadudu hupanda upande wa juu na usipochanganya unamwagia mimea ya kwanza wote na ya mwisho unaipa makapi. Usiitikise kama dawa ya kikohozi. Alafu unanyunyizia juu ya majani, kidogokidogo, na hapa ndio nilijifunza kitu: hatukugawanya sawa. Shemeji alikua ametembea jana yake akifunga vitambaa vyekundu kwenye mimea yenye spaida maiti wengi, tukamwaga robo tatu ya chupa hapo na pembeni mwake, hio ingine ndio tukagawa kwingine. Kwa hesabu ya eneo lote ni kama wanane kwa kila mita moja ya mraba, lakini hiyo ni hesabu ya karatasi, wenyewe hawali wastani, wanakula penye chakula.

Wiki ya kwanza sikuona kitu na nilikua natafuta pampu kwa macho. Nasema ukweli, mkono ulikua unawasha. Kijana wa kampuni alikua amenionya usipime kwa idadi ya majani mabaya, jani likishaharibika halirudi kijani, angalia chipukizi jipya na angalia mayai. Mayai ya spaida maiti ni ya duara, madogo, kama lulu. Ya persimilis ni marefu kidogo kama yai la kuku na ni makubwa karibu mara mbili. Siku ya nane nikayaona. Nikamwita shemeji kwa simu nikipiga kelele kama nimepata mtoto.

Wiki ya tatu utando ulikua umekauka, ukiugusa unapukutika vumbi. Wiki ya tano chipukizi safi kabisa, stemu ndefu, majani yanang'aa. Chupa ya tatu nikaongeza mwisho wa Aprili kwa kona moja karibu na mlango ambapo joto ni jingi, na tangu hapo sijapiga dawa ya spaida maiti hata tone. Mvua za Aprili pia zilinisaidia, lazima niseme, juu unyevu ulipanda wenyewe. Mtu wa Naivasha au Athi River mwenye hewa kavu asitegemee kasi kama yangu.

Pesa sasa, ndio nyote mnangoja. Wakati ule wa Januari nilikua natumia kama elfu moja mia mbili ya dawa kila wiki na mia tano ya mtu wa kupiga, wiki saba mfululizo, ni kama elfu kumi na mbili na maua nikapoteza. Chupa tatu pamoja na nusu bei ya ile ya pili na usafiri hazikufika elfu nane. Na stemu zilizokataliwa City Market mwezi wa Mei hazikujaza ndoo. Na kuna kitu hakiandikwi kwenye hesabu, huyu kijana wangu wa kazi alikua anatoka kule ndani amepiga dawa macho mekundu kichwa kinamuuma, sasa anaingia na fulana tu anafungulia redio. Kama huna barakoa na ovaroli za kweli za kumpa mtu wako, hilo peke yake lingetosha.

Ila kuna mambo hawatakuambia wakiuza.

La kwanza, ukiacha kupiga dawa ovyo wadudu wengine waliokua wanakufa kwa bahati wanajitokeza. Mimi walikuja thripsi mwezi wa Mei. Wale wembamba kama uzi wa sentimita sehemu ya kumi, wanaingia ndani ya ua likiwa bado limefumba, petali zinatoka na makovu ya kahawia kwenye ncha, na rozi nyeupe ndio huonyesha zaidi, bibi harusi hawezi kukubali. Persimilis hawagusi. Nikanunua kadi za gundi za bluu, thripsi anapenda bluu kuliko manjano, manjano ni ya inzi weupe na vidukari wenye mabawa. Kadi nazipa nyota tano kwa kazi ya kuonyesha na nyota mbili kwa kazi ya kuua, juu zinakamata wanaoruka tu, huku mayai yako ndani ya jani na sehemu ya maisha yake iko chini kwenye udongo. Zining'inize kimo cha maua, uzisogeze mimea ikirefuka. Mimi nilizifunga juu sana wiki mbili nikawa nakamata vumbi na nzi wa choo.

Ya kuua nilitumia ile kuvu, Metarhizium. Hii nzuri ni ya nyumbani kabisa, aina inayoitwa ICIPE 69 ilitafitiwa pale icipe Kasarani, kile kituo cha utafiti wa wadudu, na Real IPM wanaiuza kwa jina la Campaign. Ni mbegu za kuvu, zinaota juu ya mdudu zinamtoboa ngozi, anakufa baada ya siku kadhaa, kwa hivyo usipige leo kesho uende kutafuta mizoga. Unapiga jioni kabisa juu jua kali linaua kuvu. Na tafadhali, kwa wenye rozi ambao tunapiga dawa za ukungu wa unga kila mara, hizo dawa ni za kuua kuvu na hii pia ni kuvu, usichanganye kwenye pampu moja na uulize kwanza ziachane siku ngapi. Nilikua karibu nifanye hilo kosa, shemeji akanishika mkono. Pia tukawa tunaokota maua yote yaliyofunguka yasiyouzwa, kuyaacha kwenye mti ni kuwapangishia thripsi nyumba bure.

La pili, hawa hawakai. Wakimaliza spaida maiti wote wanakula wenzao alafu wanaisha. Kwa hivyo ukisikia umenunua mara moja umemaliza, hapana. Ndio maana skauti ni kila wiki, mimi ni Jumatatu na Alhamisi, majani thelathini, lenzi ya mara kumi ambayo mtaani inapatikana bei ya kilo mbili za sukari. Kuna ndugu yake mwingine anaitwa californicus, huyo anaweza kuvumilia njaa na kula poleni, wanasema ni mzuri kumwaga mapema kabla ya shida. Nitamjaribu Novemba alafu nirudi niseme.

La tatu, jirani yangu mwenye nyanya aliona rozi zangu akataka chupa ya nyanya. Nikamuuliza kijana wa kampuni, akasema hapana, na hapo nikamheshimu mara ya pili. Spaida maiti mwekundu anayesumbua nyanya huku kwetu mara nyingi ni aina nyingine, Tetranychus evansi, na persimilis hamuwezi huyo, alafu jani la nyanya lina vinyweleo vya kunata vinavyomtesa. Kwa hivyo usinunue kwa kuona kwa jirani.

La nne, nje kwenye upepo sijui kama nitawapa pesa yangu tena. Nilimwaga kidogo kwenye ile ploti ya alstromeria, wiki mbili baadaye sikuona hata mmoja.

Na kwa wale mnaouza kwa watu wa eksipoti, msidhani spaida maiti na thripsi ndio mwisho wa orodha. Kuna yule nondo wanaita FCM (false codling moth), kiwavi wake anaingia ndani ya kitumba cha rozi hakuna mtu anaona mpaka kiko Uholanzi, na tangu Aprili 2025 Ulaya wamekaza masharti yao kwa rozi kwa ajili yake. Huyo persimilis hana habari naye. Anataka wavu, mitego ya feromoni, kuokota vitumba vilivyoharibika, na kuangalia jirani kama ana pilipili hoho au parachichi zinazooza chini juu huko pia anazaliana. Mtego wa feromoni unakamata madume tu, ni wa kukuonyesha yuko, usidhani umemaliza kwa sababu umeona kumi wamenata. Mimi mwenyewe niliuweka mmoja kwa udadisi, nikakamata wawili, nikalala vibaya.

Maksi zangu sasa. Mdudu mwenyewe, akifika hai na shamba likiwa halina sumu, nyota tano bila kupepesa. Maelekezo kwenye lebo, tatu, maandishi madogo na ni Kizungu kitupu wakati anayefungua chupa mara nyingi ni kijana wa kazi. Yule kijana wa simu, tano. Usafirishaji, moja na nusu, mpaka watakapoanza kutuma Jumatatu badala ya Ijumaa na kuandika namba ya gari kwenye meseji. Bei, nne.

Nani asinunue: mtu ambaye amepiga pairethroidi miezi miwili hii, mtu ambaye utando umeshafunika vichwa vya maua (kata kwanza, osha kwanza), na mtu ambaye hawezi kukaa wiki moja bila kushika pampu. Kabla ya kutuma hela muulize muuzaji siku ambayo wadudu walipakiwa, na uangalie kama chupa ina namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali ya dawa za wadudu, juu nimeshaona mtu anauza chupa za makapi tu barabarani.

Na kuna waliouliza inbox kama friji ya nyumbani inatosha kuwaweka. Friji ya kawaida ukiweka ndani kabisa ni baridi sana kwao. Weka mlangoni, ilaze, usiku mmoja tu na kesho asubuhi umwage. Mimi niliiandika MSIFUNGUE kwa maka nyekundu kwa sababu chupa ile ya tatu mtoto alidhani ni Milo ya kunywa akaja na kijiko.